Je, Wajua? Yangeyange Angani, Jiji Nyuma Yake

Je, wajua kwamba kamera haijui nyeupe ni nini? Kipima mwanga chake kimeundwa kuamini kwamba vyote vilivyo mbele ya lenzi, vikichanganywa, hutoa kijivu cha wastani. Yangeyange akijaa kwenye fremu, kamera humpunguzia mwanga mpaka afifie. Yangeyange yuleyule akiwa mdogo mbele ya kichaka cheusi, kamera huongeza mwanga ili kichaka kionekane, na ndege anageuka doa jeupe lisilo na hata unyoya mmoja. Kwa sababu hiyo ndege weupe wa majini ni mtihani mgumu kuliko simba aliyelala nyasini, na mahali pazuri sana pa kuufanyia mtihani huo ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako ndege mmoja akiruka hupita mbele ya maji, majani, mawingu na maghorofa kabla hujashusha pumzi.

Je, wajua ukubwa wa mbuga hiyo? Kilomita 117 za mraba, umbali wa kilomita 7 hivi kutoka katikati ya jiji. Ilifunguliwa Desemba 1946, ikawa mbuga ya taifa ya kwanza nchini Kenya. Ua umeizunguka pande tatu. Kusini, kwenye mto Mbagathi, iko wazi kuelekea nyanda za Kitengela. Zaidi ya aina 400 za ndege zimeorodheshwa humo. Wageni wengi hulipia lango kwa ajili ya simba na kifaru, wakapita kwenye mabwawa bila kupunguza mwendo. Wanakosa mengi.

Je, wajua kwamba "yule ndege mweupe" wa bwawani anaweza kuwa mmoja kati ya watano au zaidi? Yangeyange mkubwa ana mabawa yanayofikia mita 1.3 hadi 1.7 kutoka ncha hadi ncha, na hupiga mabawa polepole kwa kujiamini. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi na nyayo za manjano. Yangeyange wa ng'ombe ni mfupi, mdomo wa manjano, na msimu wa kuzaa hupata rangi ya kahawia hafifu utosini, kifuani na mgongoni. Kwarara mweupe ana kichwa na shingo nyeusi zisizo na manyoya na mdomo uliopinda. Domomwiko ana uso mwekundu, miguu myekundu, na mdomo bapa anaoufagiafagia majini kushoto na kulia.

Kati ya yangeyange mkubwa na yule wa kati, mwenye mdomo wa manjano, tazama pembe ya mdomo. Kwa mkubwa, mstari wa mdomo unapita nyuma ya jicho. Kwa wa kati, unaishia chini ya jicho. Picha kali ya kichwa humaliza ubishi ambao darubini imeshindwa kuumaliza.

Je, wajua kwamba ukiona shingo tu unaweza kujua ukoo? Yangeyange akiruka mwendo mrefu huikunja shingo hadi mabegani kama herufi S, kwa sababu pingili ya sita ya shingo yake ni ndefu na imeungwa kwa namna inayoruhusu mkunjo huo. Pingili hiyohiyo ndiyo inayomwezesha kuchoma samaki kwa kasi. Kwarara, domomwiko na korongo wengi huruka shingo ikiwa imenyooka. Kwa hiyo sekunde za kwanza baada ya yangeyange kupaa ni za thamani: shingo bado iko nje, miguu bado inaning'inia, mabawa yamefunguka yote. Akishajikunja na kushika njia, umbo lake linakuwa lilelile hadi atue.

Je, wajua kwamba ndege hukwambia anapotaka kuondoka? Yangeyange aliyetulia majini hunyanyua shingo, hubana manyoya mwilini, hugeukia upepo, kisha huinama mbele huku miguu ikikunjika kidogo. Mara nyingi hunya kwanza. Kinachoonekana kama goti lililokunjika kinyumenyume si goti. Ni kifundo cha mguu, na goti lenyewe limefichwa juu ndani ya manyoya ya tumbo. Kifundo hicho kikianza kukunjika, bonyeza. Ukingoja mabawa yafunguke ndipo uamue, picha utakayopata ni ya pigo la pili au la tatu, na maji yaliyorushwa na vidole yameshaanguka.

Watengenezaji wa kamera walilijua hilo. Olympus E-M1 Mark II, iliyotoka mwaka 2016, iliweza kuhifadhi picha za sehemu ya sekunde iliyotangulia kubonyeza kidole. Kamera kadhaa za kisasa zina uwezo huo sasa. Hata hivyo, anayemjua ndege atampata hata kwa kamera ya zamani, na asiyemjua atajaza kadi picha za maji matupu.

Je, wajua kwamba asubuhi ya Nairobi ina faida ambayo jioni haina? Ndege hupaa na hutua akiukabili upepo. Nairobi upepo mwingi hutoka mashariki: huelekea kuwa wa kaskazini-mashariki kati ya Oktoba na Aprili, na wa kusini-mashariki miezi iliyobaki. Asubuhi jua nalo liko mashariki. Basi ukiegesha gari upande wa mashariki wa bwawa, jua na upepo vyote viko mgongoni pako, na kila ndege anayekuja kutua anakuja akikutazama, mwanga umempiga usoni, mabawa yamepanuka kama breki. Jioni jua limehamia magharibi lakini upepo bado unatoka kulekule. Aliyelipa jua kisogo huambulia mikia. Hilo, kwa maoni yangu, ni jambo lenye faida kuliko lenzi yoyote unayoweza kununua, nalo halina bei.

Je, wajua kwamba huku karibu na ikweta mwanga mzuri ni mfupi? Jua la Nairobi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na kupanda karibu wima. Saa tatu limeshakuwa juu, na kivuli cha bawa kinaanguka juu ya mwili. Ifikapo saa tano, ardhi iliyopata moto inatikisa hewa, na ndege aliye mbali anatoka mawimbimawimbi hata lenzi ikiwa ya bei ya gari. Mtikisiko huo hauondoki kwa programu yoyote. Suluhisho ni moja kati ya mawili: kuwa karibu zaidi, au kuwa mapema zaidi.

Je, wajua siri ya mwanga wa ndege mweupe? Ni kuacha kuipa kamera uamuzi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndilo linalowakatisha watu tamaa na ndilo rahisi kurekebisha. Jua halibadiliki kwa kuwa ndege amepita mbele ya mti. Mwanga ulio juu ya manyoya yake ni uleule akiwa mbele ya maji meusi, mbele ya wingu, au mbele ya vioo vya maghorofa ya mtaa wa Upper Hill. Kinachobadilika ni vilivyo nyuma yake, na kamera ikiachiwa hubadilisha kila kitu ili kuviridhisha hivyo. Kwa hiyo weka kamera kwenye hali ya mkono, mpimie ndege, kisha usiguse tena hadi wingu lifunike jua.

Kuanzia wapi? Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na kanuni: jua likiwa kali bila mawingu, weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya shata iwe moja chini ya ISO. Kwa ISO 400 hiyo ni 1/400 kwa f/16, ambayo ni sawa na 1/1600 kwa f/8. Kwa ndege mweupe aliyepigwa na jua la mbele, punguza mwanga kwa nusu: 1/3200 kwa f/8. Piga mmoja aliyesimama, washa onyo la mwanga uliozidi, na utazame kioo nyuma ya kamera. Sehemu zilizoungua zitameta. Zikimeta begani au juu ya bawa, ongeza kasi kidogo. Zisipometa, na grafu ya mwanga imekaribia ukuta wa kulia bila kuugusa, umefika. Asubuhi mapema, jua likiwa chini, namba hizo hazifai. Pima upya kila baada ya dakika chache, maana mwanga unapanda haraka.

Wengine hupendelea kuiachia kamera kazi na kuisahihisha: punguza hatua moja hivi ndege akiwa mbele ya msitu, ongeza hatua moja au zaidi akiwa mbele ya anga la mawingu meupe. Inafanya kazi mradi ndege abaki mbele ya kitu kimoja. Mbuga ya Nairobi haikupi nafasi hiyo.

Je, wajua kwamba faili ya RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, huku JPEG ya kawaida ikiwa na 256? Ndiyo maana anayepiga ndege weupe anahitaji RAW. Lakini hata RAW ina kikomo: nyeupe iliyoungua kabisa haina data, na pasipo na data hakuna unyoya wa kurudisha. Kivuli hurudishwa, pengine kwa gharama ya chembechembe kidogo. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa giza.

Je, wajua kwamba ndani ya unyoya mweupe hamna rangi nyeupe? Weupe huo ni mwanga wote uliotawanywa na kurudishwa na keratini na vijitundu vya hewa, bila melanini ya kuumeza. Kwarara mweupe ana ncha nyeusi za mabawa. Melanini iliyomo huimarisha unyoya usichakae upesi. Yangeyange hana hata ncha moja nyeusi.

Kwa kuwa nyeupe hurudisha kila mwanga unaoipiga, huchukua pia rangi ya jirani. Angalia chini ya bawa la yangeyange anayepita juu ya nyasi mbichi baada ya mvua za masika: pana ukijani. Juu ya nyasi zilizokauka za Septemba, chini ya bawa huwa dhahabu. Juu ya bwawa tulivu, mwanga hupanda kutoka majini na kujaza kivuli chote, ukaona hadi mishipa ya manyoya. Anayesafisha ukijani huo wote kwenye kompyuta anafuta habari ya kweli kuhusu mahali alipokuwa. Mimi ningeuacha sehemu.

Je, wajua kasi ya kutosha kulisimamisha bawa? Kwa yangeyange mkubwa, 1/1600 hutosha mara nyingi. Kwa wa ng'ombe, anayepiga mabawa haraka, 1/2500 ni salama. Mwili husimama mapema. Ncha za mabawa ndizo zinazokimbia. Kinyume chake, jaribu 1/30 huku ukimfuata ndege kwa mwendo wake: jicho likibaki kali na mabawa yakawa ukungu mweupe, umepata mwendo wenyewe. Tahadhari moja: shata ya kielektroniki kwenye kamera yenye kihisi cha polepole husoma picha mstari kwa mstari, na bawa linalokwenda kasi linaweza kutoka limepinda.

Mbuga ina masharti yake, nayo husaidia. Huruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, kama pale Rais Daniel arap Moi alipochoma tani 12 za pembe za ndovu Julai 1989. Gari ni kibanda kizuri cha kujificha: ndege waliolizoea hawalijali, ila mkono unaotoka nje ya dirisha huwastua. Zima injini, maana mtetemo wake hufika kwenye lenzi. Mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele, ukiwekwa juu ya kioo kilichoteremshwa, hubeba uzito wa lenzi wakati wa kungoja. Ndege akipaa, inyanyue.

Je, wajua jinsi ya kulikuza jiji nyuma ya ndege? Rudi nyuma. Ukiwa mbali na ukitumia lenzi ya milimita 500 au 600, maghorofa hukua kulinganishwa na ndege. Ukiwa karibu na lenzi fupi, ndege anakuwa mkubwa na jiji linakuwa mistari midogo. Lakini kingo kali za majengo huvuta fokasi. Kamera zinazotambua jicho la ndege, ambazo zilianza kuenea mwaka 2020 na toleo la Canon EOS R5, zimepunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Mshike ndege kwa fokasi akiwa bado mbele ya anga, kabla hajaingia kwenye majengo au mbele ya daraja la reli ya kisasa (SGR) linalopita mbugani.

Kama unaanza, anza na yangeyange wa ng'ombe wanaofuata nyati. Kwato zinafurusha panzi, ndege wanatembea kando ya pua na miguu, na nyati akipiga hatua kubwa kundi linanyanyuka na kutua mita chache mbele. Mruko ule ni mfupi, wa chini, na hurudiwa asubuhi nzima. Usimtazame ndege, tazama bega la nyati: likisogea, wataruka.

Ndege huyohuyo amefanya safari ya ajabu. Alitoka Afrika akavuka Atlantiki kwa mabawa yake, akaonekana kaskazini mwa Amerika Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1953 alikuwa akizaa Florida. Hakuna aliyempeleka.

Je, wajua kwamba kuna mtu aliyewapiga picha ndege wakiruka, picha nyingi kwa sekunde, kwa kutumia bunduki? Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye kitako na kifyatuo, iliyochukua picha 12 kwa sekunde, kila moja kwa 1/720 ya sekunde. Aliijaribu Naples kwa shakwe. Baadhi ya kamera za leo hufikia 30 na kuendelea, lakini kumlenga ndege, kumfuata na kubonyeza bila kusimamisha mkono ni kulekule.

Na miaka hiyohiyo bunduki za kweli zilikuwa zikiwamaliza yangeyange. Msimu wa kuzaa, yangeyange huota mgongoni manyoya marefu mepesi ya mapambo, na mitindo ya kofia za wanawake Ulaya na Marekani iliyataka hayo. Bei yake kwa uzani ilishindana na dhahabu. Mwaka 1886 mtazamaji wa ndege Frank Chapman alitembea katika mitaa ya New York akihesabu kofia: kati ya 700 alizoziona, 542 zilikuwa na manyoya ya ndege. Kwa kuwa mapambo hayo huota wakati wa kuzaa, wawindaji waliwaua wazazi viotani, makinda yakafa kwa njaa. Emily Williamson alianzisha Manchester mwaka 1889 chama cha kulinda ndege kilichokuja kuwa RSPB. Harriet Hemenway na Minna Hall wakafanya vivyo hivyo Boston mwaka 1896. Guy Bradley, mlinzi wa ndege huko Florida, aliuawa kwa risasi mwaka 1905 akiwa kazini.

Kisha ikaja picha. Mwaka 1906 mpenda ndege Arthur Mattingley alikwenda kwenye mazalio ya yangeyange New South Wales, Australia, akakuta wazazi wameuawa na makinda yanakufa. Alipiga picha, zikachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la The Emu. RSPB ilizichukua, na mwaka 1911 watu wakatembea katika mitaa ya London wakiwa wamebeba mabango yenye picha zile. Sheria ya Uingereza ya kuzuia kuingiza manyoya ilipitishwa 1921. Nikiona mtu amesimama bwawani na lenzi ndefu kumngoja yangeyange, hao ndio ninaowakumbuka.

Kuhusu viota, msimamo wangu haulegei: usikaribie. Wazazi wakiruka, mayai yanaachwa juani na kunguru wako karibu. Hata bwawani, ndege akiacha kula na kukukazia macho, umeshasogea mno. Kumtupia jiwe ili aruke ni ukatili, na picha hiyo hujulikana: ndege anayekimbia hutoka akiwa amekupa mgongo.

Je, wajua kwamba si kila yangeyange "mweupe" ni mweupe? Pwani ya Kenya na Tanzania, Komoro na Madagaska yupo yangeyange mwenye sura mbili, mmoja mweupe kabisa na mwingine wa kijivu cheusi, wakivua pamoja kwenye mwamba uleule maji yakipwa. Wawili hao kwenye fremu moja ni kipimo kikali cha mwanga kuliko chochote Nairobi. Waswahili walioko Dubai wana mfano wao Ras Al Khor, ardhioevu iliyo katikati ya jiji na iliyoorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar tangu 2007: ana sura mbili pia yangeyange wa miamba wa Ghuba, na nyuma yake panasimama Burj Khalifa.

Nje ya mbuga, mabwawa ya majitaka ya Dandora, mashariki mwa Nairobi, yametajwa na BirdLife International kuwa eneo muhimu kwa ndege. Harufu ni kali, ndege ni wengi.

Asiye na gari wala kamera kubwa ana Jumatano. Matembezi ya asubuhi ya kutazama ndege ya shirika la Nature Kenya, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, yalianzishwa mwaka 1971 na kuongozwa kwa miaka mingi na Fleur Ng'weno. Humo utajifunza kumtambua ndege kwa jinsi anavyoruka.

Na picha zako zina kazi nyingine. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, hukusanya orodha za ndege kwa vipande vya ramani vya kilomita 9 kwa 9 hivi. Picha ya ndege akiruka, hata isiyo nzuri ya kutundika ukutani, inaweza kuthibitisha aina. Kwa hiyo usiikate miguu unapopunguza fremu: rangi ya nyayo zilizonyooka nyuma ya mkia huamua kama uliyemwona ni yangeyange mdogo au mwingine.